Rejista ya kanisa kijijini Vihiga: nifute nani, nibakize nani?

#1 karani_wa_muda

Mirembe wadau. Kuna kazi nimepewa na wazee wa kanisa nimekwama nayo, naomba mawazo hasa ya watu wa Vihiga na magharibi kwa jumla, lakini hata wa kwingine karibuni.

Iko hivi. Nilirudi nyumbani Desemba baada ya kazi ya Nairobi kuisha, na kijijini ukionekana tu na laptopu wewe ndio ofisi. Mzee mmoja wa kanisa akanipata nikitoka kusagisha mahindi akaniambia wakubwa wanataka rejista ya washirika iwe kwa kompyuta, nisaidie ju kijana wake angeitisha pesa. Kanisa letu ni Friends, wale wa Quaker, upande wa Sabatia, tawi sitaji. Nikajua ni kazi ya siku mbili. Hii ni wiki ya tatu.

Walinipa kaunta buku mbili za jalada gumu, moja panya wamekula kona kwa hivyo majina ya chini yanaishia katikati. Majina ambayo hayajakatwa ni 438. Jumapili iliyopita nikakaa benchi ya nyuma nikahesabu vichwa, watoto ndani, mchungaji ndani, mimi mwenyewe ndani, nikapata 71. Na ilikuwa Jumapili nzuri, haikunyesha.

Sasa hao wengine ni akina nani. Kuna waliokufa na hakuna aliyewakata. Kuna wasichana walioolewa Nandi, Kitale, Busia, majina bado yako. Kuna vijana wa Nairobi na Eldoret wanaokuja Krismasi peke yake. Na kuna kundi ndio linaninyima usingizi, watu wako hapa hapa, nawaona kila siku wakienda sokoni Chavakali, lakini Jumapili wako kanisa lingine. Karani wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa anaandika kando ya jina kwa bairo nyekundu: "ameenda PAG" (Pentecostal Assemblies of God), "ameenda Roho" (makanisa ya Roho Mtakatifu), "amerudi nyuma", "yuko kwa ndugu yake". Kuna mama mmoja, namba 87, amekatwa na kurudishwa mara nne. MARA NNE. Amekatwa, juu yake "amerudi", amekatwa tena, "amerudi", hadi karatasi imetoboka hapo.

Nikiuliza wazee nifute nani wanagawanyika. Mmoja anasema futa wote wasiokuja, ju kanisa linalipa mgao kule juu kulingana na idadi ya washirika na tunalipia hewa. Mwingine anasema usifute mtu yeyote, hiyo ni damu ya hapa.

Wewe ungefanyaje?

#2 Buda_wa_Majengo

Futa halafu mtu afe. Utajua hujui.

#3 nyota_ya_tiriki

Nimecheka mbaya hapo kwa "yuko kwa ndugu yake". Huyo karani alikuwa mwandishi wa riwaya.

#4 tableti_ya_sensa

Karani hiyo shida yako naijua na ni kubwa kuliko kanisa lenu. 2019 nilikuwa karani wa sensa upande wa Hamisi, wale tulipewa tableti, usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti ndio ulikuwa wa kuhesabia. Swali la dini lilikuwa na orodha: Katoliki, Protestanti, Evanjeliko, makanisa ya Kiafrika, Orthodox, Wakristo wengine, Uislamu, Uhindu, dini za jadi, hana dini na kadhalika. Sasa nenda boma la Tiriki saa nne usiku, mbwa wanabweka, uulize mzee dini yake. Hatakuambia "mimi ni Protestanti". Hilo neno hajawahi kulitumia maisha yake yote. Atakuambia mimi ni Nineveh. Mimi ni ADC. Mimi ni Salveshen. Hayo ni makanisa ya hapa, ADC ni African Divine Church, Salveshen ni Jeshi la Wokovu. Halafu ni wewe na kidole chako kwa tableti.

PAG mimi nilikuwa naweka Evanjeliko, mwenzangu wa kijiji cha pili akawa anaweka Protestanti, tuligundua siku ya tatu tukinywa chai. Friends tuliweka Protestanti wote, Mungu saidia. Kwa hivyo yale matokeo ya nchi nzima, Protestanti asilimia 33.4, Katoliki 20.6, Evanjeliko 20.4, mimi Katoliki naiamini ju Mkatoliki anajijua. Hizo zingine mbili mpaka wake uko kwa kidole cha karani aliyechoka.

Na kitu kingine. Anayejibu ni mmoja kwa niaba ya nyumba nzima. Mama anasema "sisi sote hapa ni Friends" na nyuma yake kijana wa miaka ishirini anatikisa kichwa. Unaandika sote.

#5 mlevi_wa_vitabu

Huyo kijana anayetikisa kichwa ni mimi, si kwa Tiriki lakini story ni ile ile. 2019 nchi nzima walioandikwa hawana dini walikuwa 755,750, asilimia 1.6 hivi. Mimi sikuhesabiwa hapo, mama alishaniweka kwa Yesu kabla sijafika mlangoni. Nikimuuliza anasema "kwani nilidanganya? wewe ni wa hapa."

#6 mwalimu_mstaafu

Vijana, kabla hamjafuta majina ya watu afadhali mjue yaliandikwaje.

Vihiga ni kaunti ndogo sana, mwaka 2019 tulihesabiwa watu 590,013 kwa eneo ambalo ukitembea kilomita moja mraba unakutana na zaidi ya watu elfu moja. Na ndani ya kieneo hicho wamisionari waligawana vilima kama ndugu wanaogawana shamba la baba. Friends waliingia Kaimosi mwaka 1902, Wamarekani watatu, Hotchkiss, Hole na Chilson. Bunyore pale Kima misheni ilianza 1905, baadaye ikawa Church of God. CMS, misheni ya Waanglikana, wakakaa Maseno 1906. Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua Mukumu mwaka huo huo, kule Kakamega lakini ni hapo tu jirani. Jeshi la Wokovu waliingia Kenya 1921. Otto Keller na mkewe Marian wakashika Nyang'ori 1924, na hapo ndipo PAG ilipotokea.

Maana yake ni kwamba babu yako hakuketi akalinganisha mafundisho. Alienda kwa shule iliyokuwa karibu. Mpaka leo wazee wakitaka kujua kanisa lako hawaulizi unaabudu wapi, wanauliza UNASOMA wapi. Kusoma na kwenda kanisa kulikuwa kitu kimoja, kitabu chenyewe ni Agano Jipya, ambalo kwa Kilogooli lilitoka 1925 kwa kazi ya Emory Rees wa Friends, na Biblia nzima 1951. Kwa hivyo ukiniambia unatoka kilima gani, mimi nakuambia kanisa la babu yako na mara nyingi sikosei. Bunyore ni Church of God, ukikuta Mnyore wa Friends uliza nyanya yake alitoka wapi.

Halafu yakaanza kugawanyika. 1927 pale Kaimosi, Chilson akihubiri juu ya Roho Mtakatifu, watu wakaanza kulia, kuungama dhambi mbele ya watu, kunena kwa lugha. Misheni ikaogopa ikakataza. Wale waliokataa kukatazwa wakaitwa Avakambuli, wakafukuzwa, na hapo ndipo makanisa ya Roho yanapotoka. 1942 Kivuli akatoka kwa upande wa Nyang'ori akaanzisha African Israel Church Nineveh. 1949 Chabuga naye akatoka PAG akaanzisha African Divine Church pale Boyani. Kila mmoja alitoka na watu, na kila mara kuna karani wa kanisa la zamani aliyebaki na bairo nyekundu mkononi.

Huyo mama wa namba 87 msimcheke. Amefanya peke yake kitu ambacho kaunti nzima imekifanya kwa miaka mia.

#7 bendera_ya_ninawi

Mwalimu asante lakini hapo kwa "akatoka" umepita haraka kama gari la Mudete. Mimi ni wa Nineveh kwa kuzaliwa. Watu wanasema tuligawanyika kama ni ugomvi wa viti. Misheni zilikuwa hazimtaki mzee wa wake wengi, anaambiwa chagua mmoja ndio tukuandike, sasa wale wengine na watoto wao waende wapi? Kwa Nineveh, mzee aliyekuja na wake wake tayari alipokelewa nao. Unaona hiyo ni hesabu ya washirika pia, kuna watu hawakuwahi kuandikwa popote hadi sisi tulipowaandika. Na Kivuli alipofariki 1974 mkewe Rebecca Jumba ndiye aliongoza kanisa hadi 1983, kabla ya mjukuu. Mwanamke. Nitajie kanisa la misheni lililokuwa linaongozwa na mama mwaka huo, nangoja.

Halafu 1975 tuliingia Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Watu wa kanzu nyeupe na ngoma, wale mlikuwa mnatucheka barabarani.

Kuhusu rejista, Ijumaa tunaabudu, Jumapili tunaandamana na bendera. Simama kando ya barabara uhesabu.

#8 mwalimu_mstaafu

Nimepokea, bendera. Kweli kabisa, na hilo la wake ni kubwa kuliko nilivyolipa nafasi.

#9 mama_wa_pacha

Mimi nataka kusema kama mwanamke ju naona mnahesabu makanisa kama wanaume wanavyohesabu mashamba.

Nilizaliwa Friends. Friends hatubatizi kwa maji, hatuli mkate na divai, ukikua katika ushirika na wazee wamekukubali basi wewe ni mshirika. Nikaolewa nyumba ya PAG. Mama mkwe akauliza kwa upole kabisa, "binti, ulibatizwa wapi?" nikasema sisi hatubatizwi. Alininyamazia kama dakika nzima. Wiki tatu baadaye niko mtoni na leso kichwani na mchungaji ananisukuma chini ya maji ya Julai, ile baridi jamani. Sikuwa nimebadilisha imani, nilibadilisha jiko. Yesu ni yule yule na nyimbo nusu ni zile zile.

Binti yangu naye akapata nafasi kwa shule ya upili ya Katoliki, fomu inataka cheti cha ubatizo. Cha PAG kipo. Nikajiambia kumbe hiyo baridi ilikuwa na faida.

Sasa jina langu kwa kanisa la mama yangu kule Vokoli bado liko. Mama anakataa likatwe. Nikienda kutembea ananipeleka mbele nisalimie washirika kama nimetoka safari, si kama nimehama. Niko kwa rejista mbili na sioni kama nadanganya mtu.

#10 Buda_wa_Majengo

"Nilibadilisha jiko" hii nimeiba

#11 kimya_cha_mto

Nimesoma huu uzi jana usiku nikaacha, nimerudi leo ju lazima niseme.

Baba yangu alifariki mwaka juzi. Alikuwa mshirika wa kanisa fulani hapa magharibi, silitaji, tangu kijana, benchi za mbele za mbao zile ndefu ni yeye alizitengeneza bila kulipwa. Miaka minne ya mwisho alikuwa na kiharusi, hatoki nyumbani. Alhamisi mwili uko njiani kutoka mochari, hema limesimama, kamati imekaa, wanakuja wazee wawili na kadi ya zaka ya baba. Hiyo kadi ina viboksi vya miezi. Miaka minne viboksi vyote vyeupe. Wakasema mchungaji hawezi kusimama kaburini na kadi hivo, ni utaratibu, haujatungiwa baba yenu.

Kaka yangu alitaka kuwapiga. Mimi nikatoa simu nikauliza ni ngapi. Wakapiga hesabu hapo hapo kwa kikaratasi, shilingi elfu sita na mia nne. Nikatuma kwa M-Pesa nikiwa nimesimama kando ya shimo, meseji ikaingia, mzee akavaa miwani akaisoma, akatoa kalamu, akaanza kujaza viboksi. Kimoja kimoja. Januari, Februari, Machi. Sisi wote tumesimama tunamwangalia anajaza. Viboksi arobaini na nane.

Jumamosi walimzika vizuri sana, kwaya ilikuja na bendera, sina lawama kwa siku yenyewe. Lakini karani ukiniuliza rejista ya kanisa ni nini, mimi nitakuambia ni ile.

#12 nyota_ya_tiriki

Pole sana. Sina la kuongeza.

#13 mweka_hazina_77

Pole ndugu yangu, na nitaongea kwa heshima ju mimi niko upande ule mwingine wa hiyo kadi, ni mweka hazina wa kanisa, si hilo lako.

Waliyokufanyia ni makosa. Mgonjwa wa kiharusi hadaiwi zaka, kwetu mtu akiugua tunaandika "mgonjwa" kando na wazee wanamtembelea, na kama hawakuwa wanamtembelea miaka minne basi wao ndio wenye deni. Hilo nimelimaliza.

Lakini mjue pia kadi ilitoka wapi. Matanga kwetu ni kazi. Mtu hajaonekana miaka kumi, hajachangia hata bati moja, siku akifa familia inataka mchungaji, kwaya, hema la kanisa, viti, akina mama wapike siku tatu, na wanakasirika mchungaji akichelewa. Wale 71 wa karani ndio wanabeba wale 438. Siku zote. Ndio kadi ikaingia, na ikishaingia kwa mikono ya mtu asiye na huruma inakuwa rungu.

Na mgao uko hivi kwa wasiojua. Sadaka haibaki yote hapa. Tawi linatuma sehemu juu, na kwingi kiasi kinapangwa kwa idadi ya washirika. Kwa hivyo ripoti ikienda kwa wakubwa, kanisa linakuwa dogo ghafla. Mwanasiasa akija na bahasha anauliza mko wangapi, kanisa linanenepa. Nimeshakaa kwa kikao ambapo idadi mbili zilisomwa siku moja na mtu yule yule, asubuhi na jioni. Siku hizi bahasha zenyewe zimekuwa moto, tangu Novemba 2024 Jimbo Kuu la Katoliki la Nairobi lilipokataa michango ya Rais watu wanaogopa kuonekana wakipokea, lakini vijijini bado zinakuja, polepole.

Tena baada ya vifo vya wafuasi wa yule mhubiri kule Shakahola 2023 kila kanisa linaambiwa lijue washirika wake ni nani na wako wapi. Nafikiri hapo ndipo presha ya karani inapotoka.

#14 kimya_cha_mto

Mweka hazina nimekusoma. Hilo la kubeba nalielewa. Baba naye alikuwa mbebaji, ndio iliniuma.

#15 jumuiya_ya_kati

Sisi Wakatoliki tulidhani tumeepuka haya ju kuna parokia na vitabu vya ubatizo, ukibatizwa umebatizwa, hata uhamie mwezini jina linabaki na ukitaka kuoa wanarudi kusoma hapo. Lakini matanga yakija hakuna anayefungua kitabu cha parokia, wanauliza alikuwa jumuiya gani. Jumuiya ndogo ndogo za nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti wa jumuiya akisema "huyu hatumjui" padri anakuna kichwa. Kwa hivyo vitabu viwili, kimoja cha mbinguni na kimoja cha majirani, na cha majirani ndio kina nguvu.

#16 askari_wa_kesho

Jeshi la Wokovu pia hatubatizi kwa maji mama_wa_pacha, hauko peke yako. Sisi unaapishwa chini ya bendera, unasaini, unavaa sare, unaitwa askari. Na sare inasaidia kuhesabu ju aliyeacha kuja mnaona sare iko kwa kamba ya nguo inapigwa jua na mtu mwingine ameivaa kulima 😅

#17 Eldy_Boy

Mimi ni mmoja wa wale "yuko Eldoret". Huku nimejaza fomu kwa kanisa la ukumbi, ghorofani juu ya duka la simu, niko kwa grupu ya WhatsApp ya washirika. Nyumbani niko kwa buku kama la karani. Kwa mke wangu Butere wananiandika Anglikana ju nilisimama pale siku ya harusi. Mtu akijumlisha washirika wa makanisa yote ya magharibi nafikiri atapata watu wengi kuliko waliozaliwa.

Lakini nikifa nirudisheni nyumbani. Kanisa la ukumbi halina mahali pa kunizika.

#18 tableti_ya_sensa

Eldy umesema kitu bila kujua. Sensa inakuhesabu ulipolala usiku ule. Kanisa la nyumbani linakuhesabu utakapolala mwisho. Ndio maana hazitalingana hata mkipewa tableti kumi.

#19 mlevi_wa_vitabu

Na mimi nisiyeamini nitalala wapi? Swali la kweli, sifanyi mzaha. Nimewaza hili sana baada ya #11. Nikifa mama atamwita mchungaji na mchungaji atakuja. Sitakuwepo kukataa.

#20 mama_wa_pacha

Utazikwa kama Friends mwanangu, na tutakuimbia. Vumilia tu.

#21 karani_wa_muda

Wadau nimerudi, samahani stima ilipotea siku mbili. Nimesoma zote. Kimya, #11 nimeisoma kwa sauti kwa kikao cha wazee Jumamosi, sikutaja ni ya nani. Walinyamaza. Yule mzee wa "tunalipia hewa" aliondoa kofia akaiweka kwa goti akakaa hivo hadi maombi ya mwisho.

Tulichokubaliana: hakuna anayefutwa isipokuwa marehemu, na hao nao hawafutwi, wanahamishwa ukurasa wao na mwaka. Nimetengeneza safu ya "yuko wapi" na safu ya "anahudhuria", kila robo inajazwa upya. Idadi itakayotumwa juu kwa mgao ni wale wa safu ya kuhudhuria. Kulikuwa na ubishi mrefu kuhusu wagonjwa na wazee wasiotoka, mwishowe wakawekwa safu yao na kila mmoja ameandikiwa jina la mtu wa kumtembelea, kwa jina kabisa, si "kanisa litamtembelea". Mimi nimepewa wawili.

Halafu nikamtafuta namba 87. Anakaa chini ya mto, nyumba ya bati jipya. Nilimkuta anapura maharagwe. Nikamwambia nimetumwa na rejista, akacheka kabla sijamaliza. Akanieleza zile mara nne akihesabu kwa vidole vyenye vumbi la maharagwe. Ya kwanza aliolewa nyumba ya Roho. Mume akafa akarudi kwao Friends. Ya pili mtoto aliugua, akaambiwa kuna maombi mazuri ADC, mtoto akapona, akaona si vizuri kupona kwa watu halafu uwaache, akakaa huko miaka sita. Ya tatu alirudi ju kwaya ya akina mama wa Friends ilikuwa imebaki bila mtu wa sauti ya tatu na walimtuma dadake. Ya nne hakutaka kunieleza, alisema hiyo ni ya yeye na karani marehemu.

Saa hii anaenda kwa Roho, ni karibu na magoti yake hayapandi kilima tena.

Nikamuuliza sasa nikuandike wapi, mama. Akapepeta kwanza, akapuliza maganda, akaniambia, "We niandike kwa penseli."

#22 mwalimu_mstaafu

Na kompyuta haina penseli.

#23 karani_wa_muda

Haina. Nimemwekea rangi ya kijivu.